Mtaala Umefika Kijijini, Vitabu Vimebaki Njiani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zimetoka vijijini, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, wanalalamikia jambo moja: mageuzi ya elimu yanatangazwa, yanapokelewa kwa matumaini, kisha yakifika katika shule ya kijiji yanabaki kuwa jina tu. Nilifundisha na baadaye kuongoza shule za msingi za vijijini tangu mwaka 1981 hadi nilipostaafu, kwa hiyo wanayoyaandika nayafahamu. Nimechagua barua tano, nimezifupisha bila kubadilisha maana, na nimeficha majina ya waandishi na ya shule zao kama walivyoomba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Mwanangu wa tatu alikuwa Darasa la Tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, na wazazi tuliitwa mkutanoni tukaelezwa kwamba sasa watoto watajifunza kwa vitendo na kupata ujuzi. Tangu siku hiyo sijaona tofauti. Darasa lake lina watoto 120, mwalimu anaandika ubaoni na watoto wananakili, kitabu kimoja cha Sayansi wanagawana watoto wanane, na kipindi cha Sanaa na Michezo kimekuwa cha kufyeka nyasi. Je, mtaala huu ni wa watoto wa mjini, au sisi tumesahauliwa? — Mzazi, Mkoa wa Tabora

JIBU: Marahaba, mama. Katika maandishi hamkusahauliwa. Mtaala ulioanza Januari 2024 kwa elimu ya awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu ni mmoja kwa shule zote za msingi za serikali za Tanzania Bara, na mtoto wako anastahili kilekile anachostahili mtoto wa Dodoma au Dar es Salaam. Tofauti haiko katika mtaala. Iko katika hali ambayo mtaala uliikuta shuleni siku ulipofika.

Tufanye hesabu ndogo. Kipindi cha Darasa la Tatu ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto 120, kila mtoto anapata sekunde 20 za mwalimu wake, na hapo bado hatujatoa muda wa watoto kuingia, kuketi na kutulia. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mtaala unaodai watoto wapangwe katika vikundi, wajaribu, wakosee, waulizwe na wasahihishwe mmoja mmoja uliandikwa kwa darasa la namna hiyo. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 120 wenye vitabu 15 anabaki na chombo kimoja kinachoweza kuonwa na wote kwa wakati mmoja, nacho ni ubao. Naomba usimhesabu kuwa mkaidi. Anafanya lile linalowezekana.

Hili si jipya, na linaniumiza kulisema kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 2005 nchi yetu ilibadilisha mitaala na kutangaza kwamba tunaacha kukariri na kuanza kujenga umahiri wa mwanafunzi. Shule niliyokuwa nikiiongoza wakati huo ilipokea mihtasari mipya ya masomo ndani ya bahasha kabla ya kuona kitabu hata kimoja kilichoandikwa kwa kuifuata. Mafunzo yalinifikia kwa mdomo wa mwenzangu aliyehudhuria semina ya siku mbili, ambaye naye alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mwingine, na kila walipopita watu wawili maarifa yalipungua uzito, kama uji unaoongezwa maji kila mgeni anapoingia. Tukarudi madarasani, tukaandika maneno mapya katika maandalio ya somo na kufundisha kwa namna ileile ya zamani. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa ametuonyesha namna nyingine katika darasa lililofanana na letu.

Nina maoni yangu kuhusu chanzo, na nayasema wazi: mageuzi yetu huanza na tarehe. Tarehe ikishatangazwa, vitabu, mafunzo, vyumba na walimu hukimbizana kuifikia, na katika mbio hizo shule iliyo mwisho wa barabara ndiyo hufikiwa mwisho. Gari la vitabu hufika kwanza penye lami. Mwalimu anayepangiwa kazi huripoti kwanza penye nyumba na maji. Kwa hiyo mabadiliko yaleyale, kwa nia ileile njema, huzaa shule mbili tofauti, na mzazi wa kijijini hubaki akijiuliza kama alichoambiwa mkutanoni kilikuwa kweli.

Haina maana kwamba hapana la kufanya. Nakushauri mambo mawili. La kwanza linahusu vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo huandaa vitabu vya kiada, imeviweka pia katika maktaba yake ya mtandao, na walimu wengi wa shule za serikali waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022. Kijiji kisicho na umeme wala mtandao wa uhakika hakiwezi kuvitegemea kila siku, lakini mwalimu akienda mjini kwa shughuli zake anaweza kupakua vitabu vya mwaka mzima kwa siku moja, na baadhi ya kurasa zikanakiliwa kwenye karatasi za manila na kubandikwa ukutani. Ulizeni kupitia kamati ya shule kama jambo hilo limefanyika. Pia ulizeni swali lililo zito zaidi: shule yetu iliomba vitabu vingapi, ilipokea vingapi, na lini? Mwalimu mkuu anapaswa kuwa na orodha hiyo, na bila orodha hiyo hakuna mtu yeyote huko juu atakayejua kwamba watoto wanane wanasoma kitabu kimoja.

La pili ni hicho kipindi cha Sanaa na Michezo, ambacho kimenisikitisha kuliko vyote. Hili ndilo somo ambalo shule ya kijijini ingeweza kulifundisha vizuri kuliko shule ya mjini, kwa kuwa halihitaji maabara wala kompyuta. Kijijini kwenu hapakosi mfinyanzi, msusi wa mikeka au jamvi, mchonga mipini, au mzee anayejua kuwamba ngoma na kuipiga. Kamati ya shule ikikaa na mwalimu mkuu na kumwomba mmoja wao aje kwa saa moja kila wiki, akiwa pamoja na mwalimu wa darasa, watoto wataufinyanga udongo kwa mikono yao na mwalimu atapata mtu wa kumsaidia kuwasimamia watoto hao 120. Kufyeka nyasi ni kazi ya usafi wa mazingira na ina saa yake. Isile saa ya somo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Kila tunapokutana, mwalimu mkuu anatuambia kwamba ruzuku ya serikali ni ndogo na haitoshi hata chaki. Wazazi nao, tukiwaomba mchango wa mlinzi au wa mwalimu wa kujitolea, wanasema elimu ni bure na kwamba fedha zinaliwa. Mimi nimekaa katikati, wala sijawahi kuona hesabu yoyote kwa maandishi. Ruzuku hii ni kiasi gani hasa, na nina haki ya kuuliza? — Mjumbe wa Kamati ya Shule, Mkoa wa Simiyu

JIBU: Ndugu mjumbe, haki unayo, na zaidi ya haki una wajibu. Tuanze na kiasi, kwa maana ugomvi mwingi wa shule za vijijini hutokana na watu kubishania fedha ambazo hakuna aliyezihesabu.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 hutumwa moja kwa moja katika akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi 400 inatarajia Sh 2,400,000 kwa mwaka, yaani Sh 200,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo shule inanunua chaki, karatasi, kalamu na vifaa vya mitihani ya ndani, inakarabati madawati na milango, inagharimia michezo na inaendesha ofisi. Mwalimu mkuu anapowaambia kwamba haitoshi, mara nyingi anasema kweli tupu. Jueni pia kwamba posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, ambayo ilipangwa kuwa Sh 200,000 kwa mwezi, ni fungu jingine kabisa na haitoki katika ruzuku ya watoto. Nimeona vijiji vikikosana na walimu wema kwa sababu ya kuchanganya mafungu haya mawili.

Liko jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Kiwango cha Sh 10,000 hakikuzaliwa mwaka 2016. Kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002, na wakati huo kilikuwa sawa na takriban dola 10 za Marekani. Kilipotangazwa tena mwaka 2016 hakikufika dola 5. Katika miaka hiyo 14 bei ya karatasi, saruji na mbao ilipanda, wanafunzi waliongezeka, mtaala ulibadilika zaidi ya mara moja na kila mara ulidai zana zaidi, lakini kiasi kwa kila mtoto kikabaki palepale. Mimi naona hapa ndipo penye kidonda. Ukimwambia mwalimu afundishe kwa vitendo, umemwambia anunue vifaa vya vitendo, na usipobadilisha fedha umempa amri bila kumpa uwezo wa kuitimiza.

Kuhusu michango, wazazi wana nusu ya ukweli. Waraka ulisema “elimumsingi bila malipo”, nao watu wakasikia “bure”, lakini Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kwamba sare, daftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa wajibu wa mzazi. Kilichokatazwa ni mchango wa lazima, na Januari 2018 Rais Magufuli alilikazia katazo hilo hadharani baada ya malalamiko kwamba watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha. Mchango wa hiari, uliojadiliwa na kukubaliwa na wazazi wenyewe na kupata kibali cha mamlaka, haukukatazwa, ila mwalimu asiwe mkusanyaji na mtoto asiadhibiwe kwa mfuko wa mzazi wake. Bahati mbaya walimu wakuu wengi, kwa hofu ya kupoteza vyeo vyao, waliacha hata kuitisha mikutano, na shule zikapoteza mchango na mazungumzo kwa pamoja.

Basi anza hapa: ombeni katika kikao kijacho cha kamati kwamba fedha iliyoingia kila mwezi na matumizi yake vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa namba kubwa zinazosomeka, na muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba mliomba. Kisha taarifa hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Ikiwa shule au halmashauri itakataa, andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kumjibu mwananchi ndani ya siku 30. Barua iwe ya heshima, iwe na tarehe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wazazi wakiona kwa macho yao kwamba shule ilipokea Sh 200,000 na namna kila shilingi ilivyotumika, maneno ya “zinaliwa” yatapungua, na huenda mlinzi akapatikana bila kumlazimisha mtu.

SWALI: Mwalimu, nakuandikia kama mwalimu mwenzako niliye kazini. Shuleni kwetu tupo walimu wanne kwa darasa la awali na madarasa saba. Mimi nina Darasa la Kwanza na la Pili katika chumba kimoja, jumla ya watoto 96. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alikuja, akakaa dakika chache, akaandika kwamba mwalimu hatumii mbinu shirikishi. Tunaambiwa pia tufanye MEWAKA kila wiki, nasi jioni tumechoka na wengine tunatembea mbali kurudi majumbani. Wananchi wanasema walimu ndio tunaokwamisha mageuzi. Ninavunjika moyo. — Mwalimu, Mkoa wa Rukwa

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole sana na kazi. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa kuwa chumba unachokieleza nakijua hata harufu ya vumbi lake.

Ulichoandikiwa kinaweza kuwa kweli na bado kikawa si haki. Mthibiti aliona kwamba watoto hawakushirikishwa. Hakuandika kwamba walikuwa 96, wa madarasa mawili, mbele ya mtu mmoja. Siku nyingine umwombe kwa upole, kabla hajafunga taarifa yake, aandike idadi ya wanafunzi, ya vitabu na ya walimu kando ya kila upungufu anaoutaja, kwa maana taarifa hiyo husomwa na watu ambao hawajakanyaga shuleni kwenu. Taarifa isiyo na idadi humfanya mwalimu aonekane mvivu, na yenye idadi huonyesha kwamba shule inahitaji watu.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa maoni yangu ni moja ya mawazo bora yaliyowahi kuja katika elimu yetu, kwa kuwa yanaondoa ule mtindo wa semina za mjini niliokwisha kuueleza na kuwakutanisha walimu wa shule moja wajadili somo gumu la wiki hiyo. Lakini wazo hilo linachukulia kwamba shule ina walimu wa kutosha kukaa pamoja na mwingine akabaki na watoto. Kwa walimu wanne haliwezekani kwa namna lilivyoandikwa. Msiliache, lifupisheni. Kutaneni kwa nusu saa siku moja ya wiki, watoto wa madarasa ya juu wakiwa michezoni chini ya mmoja wenu, na mzungumzie jambo moja tu lililowashinda. Muhtasari wa mistari mitano unatosha, na Afisa Elimu Kata aujue utaratibu wenu mapema ili asije akawahesabia kosa.

Sasa chumba chako. Wakati wangu nilijaliwa kufundisha madarasa mawili pamoja, na kilichonisaidia kilikuwa kuacha kujaribu kumfikia kila mtoto kila siku. Gawa watoto wako katika makundi manane ya watoto 12. Kila siku, wengine wanapoandika au wanapohesabu kwa vijiti na mbegu, keti chini na kundi moja tu, umsikilize kila mmoja akisoma. Baada ya siku nane za masomo utakuwa umewasikia wote 96, na utajua kwa jina nani anajua silabi, nani bado anabahatisha kwa kuangalia picha. Weka alama katika daftari. Wakikulaumu kwamba mengine ya mtaala hayakukamilika, mimi nasimama upande wako: mtoto akitoka Darasa la Pili anajua kusoma, kuandika na kuhesabu, mwalimu wa Darasa la Tatu atakuwa na pa kuanzia, na asipojua, vitabu vyote vitakavyokuja baadaye vitakuwa picha tupu.

Nakukumbusha pia kwamba tuliwahi kufanya mageuzi yaliyozingatia hali ya darasa. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipunguzwa masomo na kuelekezwa katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakapewa mafunzo kwa ajili hiyo. Mageuzi yale yalimpunguzia mwalimu mzigo. Natamani kila anayeandaa mageuzi mengine angejiuliza kwanza ni kitu gani atamwondolea mwalimu kabla ya kumwongezea kingine.

Kwa wananchi wanaosema walimu ndio wanaokwamisha, ninawaomba wakahesabu nyumba za walimu kijijini mwao. Mwalimu kijana anapangiwa shule, anafika, anakuta hakuna pa kulala wala maji ya karibu, na baada ya mwaka anatafuta uhamisho. Nafasi yake hukaa wazi, na aliyebaki hupewa darasa jingine juu ya lake.

SWALI: Mjukuu wangu alipata mtoto akiwa Kidato cha Pili. Sasa mtoto ana mwaka mmoja na mama yake anataka kurudi shule. Tulipokwenda shuleni tuliambiwa kwamba nafasi yake imeshaondolewa katika rejista na aende kwenye elimu ya watu wazima. Tumesikia redioni kwamba sheria imebadilika. Ukweli ni upi? — Bibi, Mkoa wa Lindi

JIBU: Shikamoo bibi. Ulichosikia redioni ni kweli. Mnamo Novemba 2021 serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwemo ujauzito, kurejea katika shule za serikali, na mwongozo wa kuutekeleza ukafuata mwaka 2022. Elimu ya watu wazima ni njia halali na nzuri kwa anayeitaka, lakini ni chaguo la mjukuu wako na familia. Shule haina ruhusa ya kumwelekeza huko kwa kumfungia mlango. Mwende tena, wewe na mzazi wake, mkiwa na barua fupi ya kuomba kurejea inayoutaja waraka huo kwa namba yake, na nakala mpeleke kwa Afisa Elimu wa Sekondari wa wilaya. Kama kuna shule nyingine ya sekondari iliyo karibu na ambako angejisikia huru zaidi, ombeni uhamisho katika barua hiyohiyo. Tafadhali msichelewe, maana kila muhula unaopita unampunguzia binti moyo, na nyumbani atahitaji mtu wa kubaki na mtoto saa za masomo. Ukiweza kuwa wewe, bibi, utakuwa umefanya nusu ya kazi ya waraka.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Diwani wetu ametuambia kwamba shule ya msingi sasa itakuwa miaka sita na kwamba mwaka 2027 watoto wa madarasa mawili watamaliza pamoja. Sekondari yetu ya kata hata sasa imejaa. Je, ni kweli, na tufanye nini sisi wa chini? — Mwenyekiti wa Kijiji, Mkoa wa Kigoma

JIBU: Ni kweli, ndugu mwenyekiti, na nakushukuru kwa kuuliza sasa badala ya kusubiri siku ya kuripoti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Wazo la miaka 10 lilikuwamo katika sera ya 2014 na likakaa karibu muongo mzima bila kutekelezwa, ndiyo maana wengi walilisahau. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 na mtaala mpya watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Watoto waliokuwa Darasa la Nne mwaka huo wanaendelea na utaratibu wa zamani na watamaliza Darasa la Saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi yote mawili yanahitaji Kidato cha Kwanza Januari 2028.

Kinachonitia wasiwasi ni kumbukumbu. Vijiji vyetu vilijenga sekondari za kata kwa nguvu kubwa katikati ya miaka ya 2000, wananchi wakafyatua matofali na kubeba mawe, na baadaye, mwaka 2014, wakahimizwa kujenga maabara tatu kwa kila sekondari. Majengo mengi yalibaki maboma yasiyoezekwa. Na matokeo ya kwanza ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mapema 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Vyumba vilikuwapo katika shule nyingi za kata. Walimu wa Hisabati na Sayansi hawakuwapo. Mtaala mpya unaongeza mahitaji hayo, kwa kuwa Elimu ya Biashara ni somo la lazima sekondari, nalo linataka walimu wake.

Kwa hiyo msisubiri kuambiwa idadi, nendeni nayo. Chukueni rejista za Darasa la Kwanza za mwaka 2021 na 2022 katika kila shule ya msingi ya kata yenu, zikiwemo shule shikizi, yaani zile ndogo zilizo chini ya shule mama, muondoe waliohama na muongeze waliohamia. Tuseme mmepata watoto 150 na 130. Hao ni 280, na kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, Kidato cha Kwanza pekee kinahitaji vyumba saba. Katika mradi wa fedha za UVIKO-19 wa mwaka 2021 chumba kimoja kilipangiwa Sh milioni 20, basi mnaweza kukadiria kwamba mahitaji hayo hayawezi kubebwa na mchango wa kijiji. Orodha iwe na vitu vinne kwa pamoja: vyumba, madawati, matundu ya vyoo, na walimu kwa somo. Wasichana na walimu wapya huishi karibu na shule kama kuna pa kuishi, kwa hiyo ongezeni bweni na nyumba ya mwalimu panapowezekana.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, hivyo bajeti ya 2027/28 ndiyo ya mwisho inayoweza kuwahi Januari 2028, na hata hiyo itawahi kwa shida, kwa sababu fedha hutolewa kwa awamu na mvua haisubiri fundi. Lengeni bajeti ya kabla yake ikiwa muda bado unaruhusu. Peleka takwimu zenu katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri haijaanza kupanga bajeti, hakikisha zimeandikwa katika muhtasari, na mwombe diwani azisome katika baraza la madiwani kwa namba, kijiji kwa kijiji. Nakala moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi yako ya kijiji.